Kuku wako wana utitiri, mbona hukumwambia mnunuzi?

 

Ndugu msomaji, leo niwie radhi kwani nataka tuzungumze habari za chawa. Najua wapo watakaosema, mambo ya Umma yote haya yamekwisha hata mtu akae aandike chawa wa kuku? Nami nasema nisomeni kwanza, kisha mnihukumu. Kwani katika jambo hili dogo mimi nilidhulumu watu wawili na mnyama mmoja, na kila siku nikisimama safu ya mbele.

Nyumbani kwetu Tandika, mama watoto anafuga kuku wa kienyeji uani. Si mradi mkubwa, ni banda la mbao lililoegemea ukuta tunaoshirikiana na jirani. Mayai ni kitoweo, na jogoo mmoja mmoja huondoka siku ya Idi. Mwaka 2023, baada ya mvua za masika, tetea mmoja aliyekuwa anaatamia aliacha mayai yake. Tukamrudisha, akatoka. Tukamfungia, tukamkuta asubuhi amesimama pembeni, upanga wake umepauka kama mtu mwenye upungufu wa damu. Mimi nikasema huyu kuku hana malezi, achinjwe. Kumbe mwenye kukosa malezi alikuwa mwingine.

Mama watoto ndiye aliyeingiza mkono kwenye kile kiota alfajiri moja. Akautoa umejaa vidudu vidogo mno, vyekundu, vinapanda kuelekea kwenye kiwiko. Ilikuwa utitiri.

Niseme hapa kile nilichofundishwa baadaye na bwana mifugo, kwani wengi tunachanganya. Chawa wa kuku anakaa juu ya kuku maisha yake yote. Ukimshika kuku ukapekua manyoya ya chini ya mkia, penye njia ya haja, utawaona wanakimbia, rangi kama majani makavu, na mayai yao yamegandamana kwenye mashina ya unyoya. Huyu hutafuna ngozi na manyoya. Akitolewa juu ya kuku hamalizi muda mrefu, kama wiki moja hivi anakufa. Utitiri mwekundu ni kinyume chake. Mchana humkuti juu ya kuku. Unajificha kwenye mianya ya mbao, chini ya vitagio, nyuma ya misumari, na usiku kuku akilala ndipo unatoka kumnyonya damu. Ndiyo maana mtu anampekua kuku wake saa sita mchana, haoni kitu, anasema Alhamdulillah kuku wangu wazima. Banda likikaa tupu, utitiri unaweza kuvumilia miezi kadhaa bila kula. Kisha wako viroboto wanaoganda kuzunguka macho na mashavu ya kuku kama mbegu nyeusi, na hao humwingia paka na mbwa pia.

Kitu kingine alichoniambia ndicho kilichonichoma. Utitiri huu ukizidi, au ukikosa kuku, humuuma binadamu. Hauishi mwilini mwake, lakini unamuuma na kumwachia vipele vya kuwasha.

Nilinyamaza. Kwani wiki mbili kabla ya hapo jirani yetu wa ule ukuta alikuja kumwambia mama watoto kwamba mwanawe mchanga halali usiku, ana vipele shingoni na mikononi. Akauliza kwa adabu, isije ikawa ni kuku? Mimi ndiye niliyejibu kutoka ndani, kwa sauti ya mwenye nyumba: "Hao ni mbu tu, dada yangu, tafuta chandarua." Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Mimi jirani nilimpa jibu la mbu.

Hilo ni moja. La pili ni zito zaidi.

Nilipouona utitiri sikutafuta dawa. Niliona aibu. Nikawaza, watu wakijua watasema nyumba ya fulani chafu. Basi nikaamua kupunguza kuku kimya kimya. Msikitini kwetu kuna ndugu mmoja alikuwa anatafuta matetea ya kuanzia ufugaji, maana alikuwa amepunguzwa kazini. Nikamuuzia sita, Sh 20,000 kila mmoja. Alikuja mchana, akawashika, akawapekua, hakuona kitu, kwani nimekwisha kueleza kwamba mchana hauonekani kitu. Aliniuliza, "Wana tatizo lolote?" Nikamjibu, "Kuku wa nyumbani hawa, ndugu yangu, wewe mwenyewe si unawaona?" Tazama maneno hayo. Hayana uongo ndani yake, na yote ni uongo.

Tunaijua sote hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile yenye maji juu watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii tunaipenda sana tukiwasema wauza mchele wanaochanganya mawe. Lakini yule bwana hakusema neno la uongo, alichofanya ni kuacha kilichokauka kiwe juu. Hivyo ndivyo nilivyofanya nami kwa kuuza kuku mchana.

Hakim bin Hizam (r.a.) naye amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Wanazuoni wetu wakajenga hapo haki ya mnunuzi kurudisha kitu kikidhihiri kuwa kilikuwa na kasoro iliyofichwa. Haki hii haina mpaka wa bei. Inamhusu mwenye kuuza gari na mwenye kuuza tetea.

Baada ya wiki tatu yule ndugu alinipa mkono baada ya swala ya Alfajiri, akasema, "Wale kuku hawalali bandani, wanakesha nje." Hakunilaumu. Mimi nikamwambia, "Labda banda lako lina nyoka." Subhanallah! Nimetoka kuswali sasa hivi, udhu ninao.

Kilichonivunja ni paka. Watoto wetu walikuwa na paka mmoja, naye alianza kujikuna, viroboto wamemjaa masikioni. Kijana wetu mmoja, kwa nia njema, akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwa jamaa yake, akamwogesha. Paka akajilamba kama walivyo paka. Baada ya Asri akaanza kutetemeka, povu likamtoka, na kabla ya Isha alikuwa amekufa mikononi mwa binti yangu. Baadaye nilielezwa kwamba zipo dawa, kama permethrin, ambazo mbwa na ng'ombe wanazihimili lakini mwili wa paka hauwezi kuzivunja. Hata ile dawa ya mbwa ya dukani usimpake paka bila kuuliza. Na mafuta ya taa, ambayo wengi wetu tunawapaka kuku na paka, yanaunguza ngozi na kumdhuru mnyama anapojilamba au kujichokoa.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, alimpa sumu?" Nikamwambia hapana, alimfunga, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilikuwa nikijua kwa mwezi mzima kwamba nyumba yetu ina wadudu, nikawaficha wote wa nyumbani ili nisiaibike, ndiyo maana kijana akajitibia kwa anavyojua.

Na hiyo aibu ilitoka wapi? Kaab bin Ujra (r.a.), sahaba, alikuwa Hudaybiya katika ihramu, chawa wakimwanguka usoni kutoka kichwani. Mtume (s.a.w.) alipomwona hakumkemea. Alimuuliza kama wadudu wale wanamuudhi, akamruhusu anyoe, na afidie kwa kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita, au kuchinja. Ruhusa ile imekuwa hukumu kwa kila hujaji mpaka leo. Chawa wa sahaba walitajwa hadharani na dini ikapata ufumbuzi. Chawa wa kuku wangu nikawafanya siri ya ukoo.

Hasira zilinipanda, nikataka kulichoma banda moto pamoja na wadudu wake. Nikaenda kwanza kwa imamu wetu, na kwake nikasema yote. Akanikumbusha hadithi iliyo katika Abu Daud. Mtume (s.a.w.) na sahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja anapapatika juu yao. Mtume akauliza nani aliyemtia uchungu huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Kisha akaona kichuguu cha sisimizi kimechomwa, akasema haifai kuadhibu kwa moto ila Mola wa moto. Imamu akasema, mdudu mwenye kudhuru unamwua, hilo halina ubishi, na wako wanazuoni walioruhusu hata moto pale ambapo madhara hayaondoki kwa njia nyingine. "Wewe umejaribu njia gani nyingine?" Sikuwa nimejaribu hata moja.

Basi tukafanya kazi. Tulitoa matandazo yote, tukayafunga kwenye mifuko. Tukang'oa vitagio, tukakwangua mianya kwa waya na brashi. Bwana mifugo akatuchagulia dawa ya unga iliyoandikwa kwa ajili ya kuku, tukafuata kipimo, tukapaka nyufa na chini ya vitagio, na kuku tukawapaka chini ya mkia na chini ya mabawa, barakoa mdomoni. Baada ya siku kumi tukarudia, kwani dawa haiui mayai ya wadudu, na anayepuliza mara moja amewapa likizo tu. Ukuta tukapaka chokaa. Tukawawekea kuku beseni la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu wajigaragaze, kama walivyofanya bibi zetu. Mayai ya siku zile, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, hatukula wala hatukuuza. Na kila usiku wa Jumamosi nilikwenda na tochi na kitambaa cheupe, nikapitisha chini ya vitagio. Kitambaa kikitoka na madoa mekundu, kazi bado. Cha wiki ya tano kilitoka cheupe.

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Nikasimama mlangoni, nikamwambia si mbu, ni kuku wetu, na nilikuwa nakisia tangu ulipouliza. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mtoto amekesha siku ishirini, shemeji." Nilimlipia zahanati na dawa ya chumba, lakini zile siku ishirini sikuwa na namna ya kumlipa.

Yule ndugu wa msikitini nikamkuta kwake, banda lake la bati na mbao mpya, kuku wamelala juu ya mwembe. Nikamwambia kila kitu, mpaka habari ya nyoka. Nikamwambia ana haki ya kunirudishia kuku nami nimrudishie fedha zake zote, au abaki nao nimpunguzie bei. Akasema atabaki nao, ila niende Jumamosi nikamsaidie kukwangua mbao. Nilikwenda na waya wangu na brashi yangu. Mmoja kati ya wale sita alikuwa amekwisha kufa. Bei yake nilimpa mkononi, Sh 20,000, akazihesabu, akazitia mfukoni.