Vipande Vilivyobaki: Je, Mabaki Yaweza Kuwa Sadaka?

Hapa Kiseke mafundi cherehani wako karibu kila mtaa. Ukipita barazani kwao jioni utaona chini ya miguu yao vipande vya vitenge: pembe za gauni la harusi, ncha za sare ya kwaya, vijitambaa visivyotosha hata kushona mfuko. Vingi huishia jalalani. Vingine huwashia mkaa, vingine hujazwa ndani ya mito. Wanawake wa usharika wetu walituomba ruhusa ya kuvikusanya, ili washone kwa mkono mablanketi ya viraka kwa ajili ya akina mama waliojifungua na wazee wanaoishi peke yao katika jumuiya zetu.

Jambo hilo lilipofika kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama. "Baba Mchungaji," alisema, "ndiyo tumefika mahali pa kuwafunika maskini kwa takataka za fundi?"

Watu wachache walicheka, kisha kukawa kimya. Tulijibu kwa haraka kwamba Mungu huutazama moyo. Jibu lilikuwa jepesi mno, na mzee alilijua. Aliketi bila kubishana. Tangu siku ile swali lake tumelibeba, na tunaliandika hapa kwa sababu haliwahusu washonaji peke yao. Linamhusu kila Mkristo anayetoa: je, kile kilichobaki chaweza kuwa sadaka?

Kwanza tumtendee haki mzee wetu, kwa maana Maandiko yako upande wake. Nabii Malaki, katika sura yake ya kwanza, anawakemea makuhani walioleta madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Anawaambia wajaribu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna ile, waone kama atawapokea kwa furaha. Kosa lao halikuwa umaskini. Walikuwa na mnyama mzima zizini, wakachagua kumpa Mungu yule ambaye hawakumhitaji.

Nasi tunajua uchungu wa kupokea mabaki. Sisi ni watu wa mitumba. Wengi wetu tumevishwa na Mlango Mmoja, wala hatuoni aibu. Lakini mnunuzi wa mtumba huchagua, hupima, hupunguza bei, na akiona nguo haifai huiacha. Anayepewa bure hana nafasi hiyo. Akipewa koti zito la nchi za theluji, au kiatu cha mguu mmoja, anatarajiwa kushukuru. Zawadi ya namna hiyo humwambia mpokeaji jambo moja: wewe ndiwe mahali tunapotupa tusichokitaka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila kinachotolewa kwa jina la Yesu ni upendo.

Hata hivyo, liko neno jingine. Katika Yohana 6, baada ya watu elfu tano kula mikate, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Tuangalie vizuri mpangilio wa habari hii. Vipande vilikusanywa baada ya watu wote kushiba. Hakuna aliyepewa makombo huku mkate mzima ukifichwa. Bwana hakuwalisha watu mabaki, wala hakuruhusu mabaki yadharauliwe. Jibu letu lazima lisimame kati ya mambo hayo mawili, na sisi tulijifunza kusimama hapo kwa sindano.

Kiswahili cha zamani kina neno mfarishi, yaani tandiko au blanketi lililoshonwa kwa tabaka na kujazwa kitu laini katikati. Anayeanza hahitaji vifaa vingi: sindano fupi na imara, uzi wa pamba, mkasi ambao haukati karatasi, tepu ya fundi, chaki, pini, na subana, kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kidole cha kati ili kusukuma sindano bila kuumia. Vitenge vipya hufuliwa kwanza, kwa sababu vipo vinavyorudi na vipo vinavyotoa rangi. Kisha hupigwa pasi. Kipimo hukatwa kwenye boksi gumu, mraba wa sentimita 12 kila upande. Sentimita moja ikiliwa na mshono pande zote, hubaki mraba wa sentimita 10. Blanketi la mtoto lenye upana wa mita moja na urefu wa mita 1 na sentimita 20 linahitaji vipande 120.

Vipande huunganishwa kuwa mistari, na mistari kuwa uso mmoja. Kisha hutandikwa tabaka tatu: chini shuka safi, katikati blanketi jepesi lililochakaa lakini zima, juu ule uso wa viraka. Tabaka hizo hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda pembeni ili kitambaa kisijikunje. Ndipo kazi yenyewe huanza. Uzi usizidi urefu wa mkono, kwa maana mrefu hujifunga. Fundo hufichwa ndani. Mkono mmoja husukuma sindano juu, na kidole cha mkono mwingine hukaa chini kikisubiri ncha yake, ili mshonaji awe na hakika kwamba amevuka tabaka zote tatu. Mwisho bandi hufumuliwa na ukingo huzungushiwa utepe wa kitambaa.

Katika kazi hiyo, kilichobaki ni kitambaa tu. Muda wa mama aliyetoka kuuza dagaa haukuwa mabaki. Macho yake, aliyokuwa akiyahitaji kwa kazi zake mwenyewe, hayakuwa mabaki. Jumamosi tisa alizokuja kukaa kwenye mkeka nyuma ya kanisa zingeweza kumletea fedha. Hapo tulidhani tumepata jibu la kumpelekea mzee: kitambaa ni mabaki, lakini upendo ni mzima.

Mungu alitunyenyekeza. Blanketi la kwanza tuliliharakisha, kwa sababu tulitaka lionekane madhabahuni Siku ya Bwana ya mavuno. Vipande vyekundu havikufuliwa. Mishono ilikuwa mirefu, na sehemu nyingine sindano haikufika tabaka la chini. Watu walipiga makofi, tukaomba, tukalipeleka kwa mama mmoja kijana aliyejifungua. Baada ya wiki mbili tulimtembelea. Alitukaribisha, akatupa viti, akatuletea chai. Blanketi halikuonekana. Tulipouliza, aliinamisha kichwa.

"Baba Mchungaji, nisamehe. Nililifua, rangi ikaingia nguo zote za mtoto. Halafu likaachia katikati. Nilishindwa kusema, kwa sababu nilipewa."

Alituomba msamaha yeye! Njiani hakuna aliyezungumza. Jambo lililotuuma halikuwa kitambaa kuharibika. Ilikuwa kwamba, ndani kabisa, tulikuwa tumeamini kuwa asiyelipa hakagui. Kama blanketi lile lingekuwa la mjukuu wetu, tungelifua kila kipande. Malaki alikuwa ametufikia, na yule mnyama kilema hakuwa viraka. Alikuwa uvivu wetu uliofunikwa kwa maombi.

Hapa mafundisho ya kanisa letu yalitusaidia kuliko tulivyotazamia. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kijitabu kuhusu uhuru wa Mkristo. Hoja yake kuu ni kwamba Mkristo, kwa imani, yuko huru kabisa na hana haja ya kununua wokovu kwa matendo; na kwa sababu hiyo hiyo, kwa upendo, anakuwa mtumishi wa wote. Matendo mema hayapandi kwenda kumlipa Mungu. Hushuka kwenda kwa jirani anayeyahitaji.

Jambo hili linaonekana kwenye kufumua. Anayeshona ili ahesabiwe thawabu hapendi kufumua, kwa maana kila mshono anaofumua ni hesabu iliyopotea. Ataacha mshono mbovu ubaki upande wa chini usioonekana, na kusema Mungu ameona nia. Lakini aliyekwisha kupokelewa kwa neema hana hesabu ya kulinda. Anaweza kukubali kwamba amekosea, akachukua mkasi, akaanza tena, kwa sababu anachotazama sasa ni mtoto atakayelala chini ya blanketi lile. Tulirudi kwenye mkeka tukafumua blanketi la pili lililokuwa nusu. Tulipompelekea yule mama, tulimwomba alivute kwa nguvu mbele yetu. Alisita, kisha akalivuta. Akacheka. Tunaamini kicheko kile kilikuwa shukrani ya kweli kuliko ile chai ya kwanza.

Hatuko peke yetu katika kazi hii. Shirika la Lutheran World Relief lilianzishwa na Walutheri wa Marekani mwaka 1945, vita vilipokuwa vikimalizika, ili kusaidia waliobaki bila kitu Ulaya. Kwa miaka mingi wanawake wa sharika za huko wamekuwa wakishona mablanketi ya viraka na kuyatuma nchi nyingi kupitia shirika hilo, Tanzania ikiwa mojawapo. Washonaji wengi hawatamwona kamwe atakayejifunika. Yaweza kuwa ni upendo, na yaweza kuwa ni mazoea. Mwenye kujua ni Bwana na yule anayelala chini yake. Ila sisi tusifikiri kwamba kazi yetu ni kupokea tu. Mzee mjane wa Kiseke hana haja ya kusubiri meli.

Katika Matendo ya Mitume 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hatuambiwi kitambaa kilitoka wapi. Tunaambiwa alikuwa pamoja nao. Alijua mabega yao na urefu wao. Nguo zilidumu kuliko aliyezishona, na wajane hawakuona haya kuzionyesha mbele ya mtume. Labda hicho ndicho kipimo cha kila msaada: je, mpokeaji aweza kuuonyesha bila haya?

Basi tunamjibu mzee wetu hivi, kwa kuchelewa. Mabaki ya kitambaa yaweza kuwa sadaka. Mabaki ya heshima hayawezi. Tukimpa jirani kilichobaki, ni lazima kiunganishwe na kitu ambacho hakikubaki: muda tulioukata kwenye mambo yetu, ustadi tuliojifunza kwa ajili yake, na sikio lililo tayari kusikia akisema, "Hiki hakinifai." Pasipo hayo, hata kitenge kipya kutoka dukani chaweza kuwa takataka.

Mzee mwenyewe alikuja Jumamosi moja, mvua ikinyesha, na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na vitenge vitano vya marehemu mkewe, vizima, vimekunjwa vizuri. Akina mama walivishika wakakataa kuvikata. "Baba, hivi si vipande," mmoja alimwambia. "Vitunze."

"Najua si vipande," alijibu. "Ndiyo maana nimevileta."

Alivuta kiti akaketi mpaka cha kwanza kilipowekwa chaki na mkasi ukapita. Kisha akaomba afundishwe kutunga uzi. Macho yake hayakumsaidia, mtoto wa kipaimara akamtungia. Blanketi hilo sasa liko kwa bibi mmoja ng'ambo ya barabara, nasi hulipitia kila tunapompelekea Chakula cha Bwana. Mishono ya pembe moja imepinda. Tuliivuta kwa nguvu kabla ya kulitoa, nayo ilishika.