Hofu na Maji ya Ziwa

Ndugu zetu, tangu ziwa la Tanganyika lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, likaingia pwani ya Kibirizi, twaulizwa: Je, kuogopa ni kukosa imani? Twajibu, sivyo. Mwenye nyumba ukingoni asiyeogopa hakuyatazama maji. Lakini hofu hupenda neno la hakika, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Maana yuko asemaye maji yatashuka mwezi ujao, na yuko asemaye mji wote utazama, nao wote wawili husikilizwa!

Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliuona umezibwa, na ziwa likizidi kupanda. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, na miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Watu wa Ujiji hawakuijua siku ile kabla haijafika, nasi hatuijui yetu.

Basi tusimike mti wenye alama, tuutazame kila asubuhi. Wenye nyumba za juu wawaulize walio chini, kabla hawajaombwa, mizigo yao italala wapi. Na waanikao dagaa wapewe mahali kwanza, maana dagaa hawangoji ziwa litulie.