Walipangiwa, Hawakuulizwa

Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare waliacha mashamba yao, wakashuka milimani na kukusanyika Same, makao makuu ya wilaya. Hawakuja kupigana. Walimtaka Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aiondoe kodi moja, na wakasema hawarudi nyumbani mpaka iondolewe.

Kisa hiki, kama kilifundishwa shuleni kwetu, kilipewa mstari mmoja uliobanwa kati ya Maji Maji na kuzaliwa kwa TANU. Kinastahili zaidi ya hapo. Mtu wa Vudee, wa Mbaga au wa Usangi anayetozwa mchango leo ana la kujifunza humo, na anayeupanga mchango huo ana la kujifunza zaidi.

Tuanze na mpango wenyewe. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, ya enzi za Gavana Donald Cameron, iliwageuza watawala wa jadi kuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Upareni watawala hao, wafumwa, wakawa na baraza lao, hazina yao na mahakama zao. Kwa maandishi, hiyo ilikuwa serikali ya wenyeji. Kwa vitendo, mfumwa alilipwa na serikali na serikali hiyohiyo ingeweza kumwondoa, kwa hiyo penye shaka aliitazama boma kwanza, watu wake baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vikiwa vimepamba moto na hazina ikihitaji fedha, likaja wazo la kodi ya madaraja juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo. Mali ya kila mtu ikadiriwe, mwenye nacho zaidi alipe zaidi. Ikaitwa mbiru, jina la kale la kile ambacho raia alimpelekea mtawala wake. Baraza la wafumwa likaipitisha, boma ikaibariki, na wakadiriaji wakaanza kazi.

Hapa ndipo msomaji anatakiwa atulie kidogo, kwa sababu wazo lenyewe halikuwa baya. Mwanasheria yeyote wa kodi atakwambia kwamba kumtoza tajiri na maskini kiasi kilekile ni dhuluma, na kwamba kodi inayofuata uwezo wa mtu ndiyo ya haki. Waliopanga mbiru walikuwa na hoja. Kodi hiyo ingeweza kumpunguzia mzigo mjane wa bondeni na kumwongezea mwenye mazizi. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua kuliko visa vya wakoloni waliokuwa wanyang'anyi wa wazi: kinamhusu mtu mwenye nia njema na kalamu mkononi, anayeamini kwamba wema wa sheria yake unatosha, hana haja ya kumuuliza atakayeilipa.

Sasa fikiria ukadiriaji ulivyo katika milima ile. Ng'ombe aliye zizini kwako huenda ni wa shemeji yako, amekukabidhi umtunze, wewe unakunywa maziwa naye anangoja ndama. Shamba unalolima huenda ni la ukoo. Kahawa imezaa mwaka huu, mwaka ujao haina kitu. Mkadiriaji anayepita na daftari anaona ng'ombe, anaona shamba, anaona mibuni, anaandika. Kinachoandikwa ni utajiri ambao mwenye nyumba mwenyewe haujui. Akitaka kupinga, anakwenda kupinga kwa nani? Kwa mfumwa, ambaye baraza lake ndilo lililopitisha kodi, na ambaye mahakama yake ndiyo itakayomhukumu akishindwa kulipa. Mtunga kodi, mkusanyaji na hakimu wamekaa kiti kimoja.

Na tusidhani Wapare walikuwa watu wasiojua kuchangia. Nenda Vudee ukaangalie maji. Mto Vudee unateremka kuelekea Bangalala hadi Makanya tambarare, na tangu zamani watu wa milima hii wamechimba ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe pembeni mwa mfereji. Maji yanaingia usiku kucha, ndiva inajaa, alfajiri inazibuliwa, na maji yanakwenda kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho. Tope likijaa, msaragambo unaitishwa: kila mwenye shamba linalonyweshwa na ndiva ile anakuja na jembe au anamtuma mtu. Asiyekuja ana faini, na faini yenyewe anaijua tangu siku alipopewa zamu. Huo ni utaratibu mgumu, wakati mwingine mkali, na hauna karatasi. Lakini kila aliyeshika jembe anajua anachimba kwa ajili ya nini, ameusikia uamuzi ukifanyika, na anayegawa maji ni mtu anayeweza kumkuta njiani akamuuliza. Watu waliozoea utaratibu huo ndio walioletewa kodi iliyokadiriwa bila wao kuulizwa, kisha wakaambiwa ni mila yao.

Walichokikataa hakikuwa kulipa. Kodi ya kichwa walikuwa tayari kuilipa. Walikataa kukadiriwa, na walikataa kwamba baraza la wafumwa linaweza kusema kwa niaba yao jambo ambalo hawajalijadili. Ukilitazama kwa jicho la mwanafunzi wa sheria, hilo ni swali la kikatiba kabisa: nani ana mamlaka ya kunitoza, na ameyapata wapi? Boma haikulisikia kama swali. Ililisikia kama ukaidi, na ukaidi una dawa zake za kikoloni. Wakati huohuo mashamba yalikosa wanaume, na mzigo wote wa nyumbani ukabaki kwa wake zao.

Kisheria mwanamke hakuwa mlipa mbiru, kwa hiyo hakuwa na la kusema. Ila ndiye aliyekuwa analima peke yake, anapasua kuni peke yake na kulala peke yake. Mwaka 1946 mkuu wa wilaya alipopanda Usangi kuzungumzia suala hilo, alizingirwa na mamia ya wanawake. Walimpa mambo mawili achague: amalize suala la kodi waume zao warudi, au awape mimba yeye mwenyewe, wote. Mtafiti Jean O'Barr, aliyeandika juu ya wanawake wa Upare katika miaka ya 1970, alilipa tukio hilo uzito linaostahili. Mimi naliona hivi: waliosemekana hawahusiki ndio waliomweleza mtawala, kwa maneno ambayo hakuweza kujifanya hajayaelewa, gharama ya sheria yake ndani ya nyumba za watu.

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwana wa Upare, alikiandika kisa cha mbiru katika kijitabu kilichotoka mwaka 1971, akakiwekea mipaka ya miaka: 1944 hadi 1947. Miaka mitatu ya mashamba kudorora na serikali kukosa usingizi. Mwishowe mbiru ikafutwa. Watu wakabaki na kodi ya kichwa ya kiwango kimoja, maskini sawa na tajiri.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Wapare walishinda, na ushindi wao ulikuwa wa haki. Lakini wazo la kwamba mwenye nacho alipe zaidi lilizikwa pamoja na ubabe uliolibeba, na mjane wa bondeni hakupata nafuu yoyote. Hiyo ndiyo hasara ambayo hatuitaji mara nyingi. Sheria njema ikipitishwa vibaya, watu hawaikatai siku ile tu. Wanakuwa na sababu ya kuikataa hata siku ikirudi kwa njia sahihi.

Majirani zao wa Meru walipita njia nyingine miaka michache baadaye. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, wakisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa Moshi. Walisikilizwa, ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Japhet na Seaton wakaandika kitabu juu ya kesi hiyo, na hadi leo wanafunzi wa sheria wanaweza kuisoma kwa maneno ya walioiendesha.

Ungedhani taifa lililozaliwa na malalamiko kama haya lingeanza na haki za raia katika katiba yake. Haikuwa hivyo. Katiba ya Uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu, wala ya muda ya mwaka 1965, wala hii ya 1977 ilipotungwa. Viongozi walihofu kwamba mahakama zingetumika kukwamisha mipango ya maendeleo. Tuwe wakweli: hofu hiyo inafanana sana na ya boma ya Same, yaani kwamba raia akipewa nafasi ya kuuliza, kazi haitafanyika. Haki ziliingizwa kwa mabadiliko ya tano ya Katiba, ya mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikaambiwa zisubiri hadi Machi 1988 kabla ya kuanza kuzisimamia. Sheria ya mwaka 1994 ikaweka utaratibu wa kufungua mashauri hayo, na marekebisho ya mwaka 2020 yakamtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa maoni yangu marekebisho hayo yalikosea, maana mwenye kuumia zaidi ndiye mara nyingi asiye na nauli ya kufika Mahakama Kuu.

Hata hivyo, yaliyomo sasa si haba. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Ibara ya 13 inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa. Na ibara ya 21, ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya kijiji, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Wale wanaume wa mwaka 1945 walikuwa wanaidai ibara hiyo karibu miaka 40 kabla haijaandikwa.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeishusha haki hiyo hadi kijijini. Halmashauri ya kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, ni lazima iitishe mkutano mkuu wa kijiji ipate maoni ya wananchi, kisha iipeleke halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mke kwa mume. Hakuna tena kisingizio cha kusema wanawake hawahusiki.

Lakini sote tunajua mikutano mingi inavyokwenda. Watu wamekaa kwenye majani tangu saa nne, jua limekuwa kali, mtendaji anasoma ajenda haraka haraka, anafika kwenye mchango wa zahanati au wa madawati, anataja kiasi cha kila kaya, anauliza, "Tunakubaliana?" Sauti tatu za mbele zinaitikia, anaandika "wajumbe waliridhia". Mzee mmoja nyuma ananyoosha mkono, anaambiwa muda umekwisha. Wiki mbili baadaye mgambo anapita nyumba kwa nyumba. Mchango wenyewe pengine ni mzuri, zahanati inahitajika kweli. Ndiyo mbiru hiyo, na mwisho wake tunaujua.

Kinga mojawapo ni nakala. Watu huogopa kuomba maandishi ya sheria ndogo, na baadhi ya watendaji huyashika kana kwamba ni mali yao. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haiachi shaka hapo: kitabu cha Kimambo kina ulinzi katika maneno aliyoyapanga, lakini sheria za nchi, maamuzi ya mahakama na maandishi rasmi ya aina hiyo hayana hakimiliki. Ukipewa sheria ndogo ya kijiji chako, unaweza kuipiga picha kwa simu, kuichapa, kuisoma kanisani au msikitini na kuituma kwa kijana wenu aliyeko Dar es Salaam, bila kumwomba mtu ruhusa. Na matukio ya mbiru pia hayana mwenyewe. Mtoto yeyote wa Upare anaweza kuyasimulia upya kwa maneno yake, na ingefaa aanze kwa kumuuliza bibi yake alisikia nini kutoka kwa mama yake, kabla bibi huyo hajaondoka.

Basi ndugu yangu wa Vudee, na wewe wa kijiji kingine chochote: mwenyekiti akisimama kwenye mkutano ujao na kusema mchango umeshapangwa, mwombe kwa heshima akutajie kikao kilichoupanga na tarehe yake, akusomee muhtasari, akuonyeshe sheria ndogo yenye idhini ya wilaya, na akueleze asiyeridhika na kiasi alichopangiwa akate rufaa kwa nani. Kama ana majibu, lipa, na umhimize jirani alipe. Kama hana, omba mkutano uahirishwe mpaka ayalete.