Kina cha Kisu na Kadari ya Mungu

Fundi seremala akikatwa kidole, majirani huja na neno moja: ajali haina kinga. Ni neno la faraja, na mgonjwa analihitaji. Shida huanza neno hilo linapotoka kitandani kwa mgonjwa likarudi karakanani, likawa sababu ya kutokagua mashine. Je, yote yaliyompata yalikwisha kuandikwa, au mkono wake mwenyewe ulishiriki kuyaandika?

Chukua mashine ya rauta, ile inayochimba mifereji na kupamba kingo za milango ya mninga na mkongo. Kisu chake huzunguka mara 8,000 hadi 24,000 hivi kwa dakika. Kikiwa kwenye mizunguko 20,000, kila sekunde huzunguka zaidi ya mara 330. Mtu aliyeshtuka huchukua takriban moja ya tano ya sekunde kabla mkono haujaitika. Muda huo kisu kimeshazunguka zaidi ya mara 60, na kama kina makali mawili, kimekata zaidi ya mara 120.

Hapo hakuna nafasi ya kuamua. Uamuzi ulikuwa na wakati wake, nao ni kabla ya umeme.

Plagi ikiwa nje ya soketi, fundi huingiza shina la kisu kwenye koleti, yaani kishikio chake, analiacha kidogo lisigote chini, kisha anakaza. Halivuti nje kupita kiasi ili kisu kifike mbali zaidi. Shina lililoshikwa kidogo huchomoka au huvunjika. Baada ya hapo huiweka rauta juu ya ubao, akashusha kisu mpaka kiguse uso wake, akafunga. Hiyo ndiyo sifuri. Kutoka hapo huishusha fimbo ya kina, ile inayozuia kisu kisishuke kupita kipimo, mpaka iguse kizuizi chake, kisha huipandisha kwa kipimo anachotaka, akaikaza. Mfereji wa milimita 12 kwenye mbao ngumu haumalizwi kwa mara moja. Milimita 3 au 4 kila pito zinatosha, na ndiyo maana rauta nyingi zina kizuizi chenye ngazi. Pito la kwanza hujaribiwa kwenye kipande kisicho na kazi.

Yuko atakayesema uangalifu wa namna hii ni upungufu wa imani. Lakini pingamizi hilo ni la zamani, na majibu yake yapo. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume Muhammad amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Khalifa Umar bin Khattab alipopata habari za tauni huko Sham, aligeuza msafara. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari moja kuielekea nyingine, zote za Mungu. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta wa kuzuia juu ya dari, la sivyo damu ya atakayeanguka itakuwa juu ya nyumba yake. Fimbo ya kina ni ukuta wa namna hiyo.

Ni kweli, yapo yasiyopimika: msumari wa zamani uliozama ndani ya mbao, ufa usioonekana kwenye chuma. Kwa hayo methali ina haki yake. Haina haki pale mwenye karakana anapomkabidhi kijana rauta asiyofundishwa, kisha kijana akiumia, tajiri akataja majaliwa. Kadari ya namna hiyo humwokoa mmoja tu, naye si aliyeumia. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu huo kwa mwajiri: usalama wa mashine na mafunzo ya anayeitumia.

Kwa hiyo fundi mkuu ana la kufanya kesho asubuhi. Plagi ikiwa bado iko nje, amsimamishe mwanafunzi wake mbele ya rauta, ampe kipande cha mbao, na amwachie atafute sifuri mwenyewe huku akimtazama. Dua isomwe, na fimbo ya kina ikazwe.