Marilyn Monroe: Maiti anayegombewa

 

Katika jiji la Los Angeles, Marekani, kuna makaburi madogo yanayoitwa Westwood, yaliyobanwa katikati ya majengo marefu ya maofisi. Baadhi ya waliozikwa pale hawamo ardhini bali wamo ukutani. Kila maiti ana chumba chake ndani ya ukuta, na mdomo wa chumba umezibwa kwa jiwe la marumaru. Jiwe moja limebadilika rangi. Yale ya jirani yamebaki na weupe wake, hili limeingia wekundu kwa rangi za midomo ya watu wanaokuja kulibusu na kwa viganja vya wanaokuja kulishika. Aliyemo ndani ni Marilyn Monroe, mcheza sinema aliyekufa usiku wa Agosti 4, 1962, akiwa na umri wa miaka 36.

Zimepita zaidi ya silka mbili za binadamu tangu siku hiyo. Wengi wa wanaolibusu jiwe lile hawakuwa wamezaliwa alipokufa, na wengine hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Kila mwaka ifikapo Agosti 5, klabu ya wapenzi wake hukusanyika pale kumkumbuka.

Mtu anaweza kuniuliza, hilo linatuhusu nini sisi Waislamu? Linatuhusu kwa sababu sura yake imefika mpaka kwetu. Nimeiona kwenye fulana za mitumba, kwenye mikoba na kwenye kuta za saluni. Mabinti ninaowafundisha wanaijua ile sura, nywele zile na midomo ile, japo hawajapata kuona filamu yake hata moja. Mmoja wao aliniuliza darasani, "Ustaadh, huyu hasa alifanya nini?" Wenzake wakacheka. Mimi niliona ni swali la maana kuliko mengi niliyoulizwa muhula ule.

Jibu jepesi, ambalo wahadhiri wetu wengi hulitoa, ni kwamba alikuwa mwanamke wa kujianika, akafa kifo kibaya, basi. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno, na ufupi wake unawaachia njia wengine waliopaswa kuulizwa.

Alizaliwa mwaka 1926 kwa jina la Norma Jeane. Baba hakumkubali. Mama alipatwa na maradhi ya akili, akapelekwa hospitali mtoto akiwa bado mdogo. Binti akalelewa nyumba hii na nyumba ile kwa watu wasiokuwa ndugu zake, na mwaka 1935 akaingizwa katika nyumba ya mayatima. Kifiqhi yatima ni yule aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, kwa hiyo wanafunzi wa sheria watasema huyu hakuwa yatima. Sawa. Lakini anayesoma Surat Al-Maun na kuona vipi Allah (SW) amemuunganisha anayemsukuma yatima na anayeikadhibisha dini, hatashindwa kuielewa hali ya mtoto ambaye baba yake yu hai na hamtaki. Akaolewa akiwa na miaka 16. Mwaka 1946 kampuni ya sinema ya Twentieth Century-Fox ikampa mkataba na jina jipya.

Sasa tuje kwenye ile picha. Mwaka 1949, akiwa hana fedha, alipigwa picha za utupu kwa ajili ya kalenda. Alilipwa dola 50. Miaka minne baadaye, Desemba 1953, kijana mmoja aitwaye Hugh Hefner alianzisha jarida la Playboy. Aliinunua picha mojawapo kwa aliyekuwa na haki nayo, kwa dola 500, akaichapisha katika toleo la kwanza. Mwenyewe hakuombwa ruhusa wala hakulipwa hata senti moja. Himaya nzima ya Hefner ilianzia pale. Kisha mwaka 1992, binti yule akiwa kaburini kwa miaka 30, Hefner akanunua chumba cha ukutani kilicho ubavuni kwake kwa dola 75,000. Alipokufa mwaka 2017 akiwa na miaka 91 ndipo alipowekwa.

Subhanallah. Hebu msomaji ulitazame jambo hili taratibu. Mtu anauchuma mwili wa mwanamke akiwa hai, kisha ananunua na nafasi ya kulala kando yake akiwa maiti. Na mwanamke hana wa kumsemea katika yote mawili.

Katika Surat An-Nur, aya ambayo tunaisoma sana mbele ya wanawake ni ile ya 31. Iliyotangulia, ya 30, inaanza na wanaume na kuwaamrisha wainamishe macho yao. Na aya ya 33 inawakataza watu kuwalazimisha vijakazi wao kufanya umalaya kwa kutafuta mapato ya dunia, kisha inamalizia kwa kutaja msamaha na rehema baada ya kulazimishwa kwao. Wanazuoni wameeleza kuwa ilimteremkia Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, aliyekuwa na vijakazi wa kumletea fedha kwa njia hiyo. Sisemi kuwa Marilyn alikuwa kijakazi. Alikuwa mtu mzima, aliyachagua mengi, na mwaka 1955 aliwatunishia msuli wakubwa wa Fox na kuanzisha kampuni yake mwenyewe kwa sababu alichoshwa na ujira mdogo na kazi za kuigiza upumbavu. Ninalosema ni kwamba Qur'an inapozungumzia biashara ya miili, kidole kinamwelekea kwanza mwenye biashara. Katika hotuba zetu kidole kimegeuzwa.

Nirudi kwenye ukuta. Juu ya chumba chake alizikwa mfanyabiashara mmoja. Mwaka 2009 mjane wake, akitaka kumaliza deni la nyumba, alikitangaza chumba kile katika mnada wa mtandaoni. Dau lilipanda hadi dola milioni 4.6, ingawa mnunuzi baadaye alijitoa. Mwaka 2024 chumba kingine kilicho karibu kiliuzwa kwa dola 195,000. Watu wananunua ujirani na mifupa! Surat At-Takathur tunaihifadhi tukiwa watoto wa chuo, na aya zake mbili za mwanzo zinazungumzia kushindana kwa wingi hadi watu wakafika makaburini. Baadhi ya wafasiri wamenakili kuwa koo mbili za Kikureshi zilijifaharisha kwa kuhesabiana watu, na walipokwisha walio hai wakaenda kuhesabu wafu wao. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma tafsiri hiyo kama habari ya majahili wa zamani.

Mali zake nazo zina kisa. Katika wasia wake aliacha sehemu kubwa kwa mwalimu wake wa uigizaji, Lee Strasberg, na vitu vyake binafsi akataka vigawiwe marafiki. Havikugawiwa. Strasberg alifariki mwaka 1982, vikabaki kwa mjane wake, na mwaka 1999 vikapigwa mnada New York kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 13. Nguo aliyoivaa Mei 1962 alipomwimbia Rais Kennedy iliuzwa tena mwaka 2016 kwa dola milioni 4.8, na mwaka 2022 Kim Kardashian akaivaa kwenye sherehe ya mavazi. Mwezi huo huo picha ya uso wake iliyochorwa na Andy Warhol ikanunuliwa kwa dola milioni 195. Wanafunzi wa mirathi wajue tu kwamba mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa mgonjwa, alikuwa bado hai alipokufa, na alitengewa fungu dogo la matunzo la dola 5,000 kwa mwaka. Katika sheria yetu mama hapungui sudusi, na wasia hauvuki theluthi.

Lakini tusiwacheke wapenzi wake kwa kumpenda wasiyemuona. Sisi ndio watu wa mwisho kushangaa hilo. Tunampenda Mtume (SAW) na hatukumuona, na tunalia anapotajwa. Moyo umeumbwa hivyo, unaweza kumpenda aliye mbali, na aliyekufa, kuliko jirani wa ukuta mmoja. Anas (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) alipobainisha kwamba mtu atakuwa pamoja na anayempenda, masahaba walifurahi kwa furaha ambayo baada ya kusilimu hawakuwa wameipata. Habari hiyo hiyo, ukiitazama upande wa pili, inatisha.

Na tusisahau lile la watu wa Nuhu (AS). Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, waliotajwa katika sura ya 71 aya ya 23, kwa mujibu wa Ibn Abbas (RA) kama alivyonakiliwa na Bukhari, walikuwa ni watu wema. Walipokufa, shetani akawashawishi watu wasimamishe sanamu pale walipokuwa wakikaa. Kizazi kile hakikuziabudu. Elimu ilipoondoka ndipo zikaabudiwa. Wale walianza na wacha Mungu. Katika mji wa Palm Springs, California, limesimamishwa sanamu la Marilyn lenye urefu wa futi 26, gauni likipeperuka, na watu wazima na watoto hupiga picha wakiwa wamesimama chini ya miguu yake.

Madhara ya mapenzi haya yamewahi kuhesabiwa. Mchunguzi wa maiti aliandika kuwa yaelekea alijiua kwa dawa. Mwaka 1974 mtaalamu wa elimu ya jamii, David Phillips, alichapisha utafiti kuhusu watu wanaojiua baada ya magazeti kutangaza kifo cha namna hiyo cha mtu maarufu. Baada ya kifo cha Marilyn, idadi ya waliojiua Marekani ilipanda kwa takriban asilimia 12. Hao walikuwa wana wa watu, na majina yao hayamo kwenye jiwe lolote linalobusiwa. Ndiyo maana mzazi anayeona binti yake amejifungia na huzuni ya msanii aliyekufa asimkemee tu akaondoka. Akae naye, amuulize. Na akiona mambo ni mazito amtafutie daktari, wala asione haya, kwani kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (SAW).

Sasa kuhusu ulimi wetu. Mwaka 1956, alipoolewa na mwandishi Arthur Miller, Marilyn aliingia dini ya Kiyahudi, na Misri ikapiga marufuku filamu zake. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo, utupu ulikuwa haujamkera mtu! Wapo kati yetu mpaka leo ambao wakisikia neno Myahudi basi hujiona wamepewa ruhusa ya kumtukana maiti. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa jeneza lilipita, Mtume (SAW) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Akawauliza kama hiyo nayo si nafsi. Na Bukhari amepokea kwa Bi Aisha (RA) katazo la kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwishafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Hatumuombei maghfira asiyekuwa Muislamu, hilo liko wazi katika Surat At-Tawba aya ya 113. Lakini kutomuombea ni jambo moja, na kumfanya kichekesho cha mimbari ni jingine.

Ipo picha yake nyingine ambayo sijamtajia yule mwanafunzi wangu. Ilipigwa baada ya uchunguzi wa maiti, uso umevimba, nywele zimelowa. Imechapishwa kitabuni, na watu wanaendelea kuisambaza. Wapenzi wake wanaitazama pia, na ndipo ninapoanza kuwa na shaka na neno mapenzi. Katika dini yetu anayeosha maiti ameahidiwa msamaha kwa kuyasitiri anayoyaona, kama ilivyopokewa na Al-Hakim kutoka kwa Abu Rafi (RA). Mwosha maiti anapewa daraja hiyo kwa kunyamaza tu.

Ningependa kusema kwamba hayo ni ya Hollywood. Lakini basi likipinduka katika barabara zetu, kabla polisi hawajafika, simu zimekwishafika. Picha za waliolala kwenye lami, kanga imemvuka mmoja, kichwa cha mwingine hakitambuliki, zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la msikiti zikiwa na maneno ya inna lillahi juu yake, na kila anayepokea anaona ameongeza mawaidha kwa kuzituma mbele. Maiti yule hana klabu ya wapenzi wala hana mnada. Ana mama yake tu, na mama naye yumo kwenye kundi lile.