Fungu la Mzee Aliye Kitandani

Katika nyumba nyingi chakula hugawiwa kwa kutazama kazi. Arudiye shambani hupewa sahani iliyojaa. Mtoto aendaye shule hukumbukwa. Bali mzee aliyelala kitandani miezi mingi hupelekewa kikombe cha uji mwepesi, ati yeye hafanyi kazi, kidogo kitamtosha. Twauliza: je, kipimo hiki ni cha haki?

Kwanza, si kweli kwamba mwili wa mzee huyo hauna kazi. Kiunoni, matakoni na visiginoni, mahali mifupa inapokandamiza ngozi juu ya godoro, damu hukosa njia, ngozi hufa, na vidonda vya kitandani hufunguka. Toka hapo mwili hujitahidi usiku na mchana kujenga nyama mpya, huku majimaji ya kidonda yakiondoka na protini, yaani kile kile kinachoujenga. Mwongozo wa kimataifa wa waganga wa mwaka 2019 wasema kwamba mgonjwa wa vidonda hivyo aliyedhoofika kwa kukosa lishe, au aliye katika hatari hiyo, apewe kwa siku kalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito wake, na protini gramu 1.25 hadi 1.5. Basi mzee wa kilo 50 ahitaji kalori 1,500 hadi 1,750, na protini gramu 63 hadi 75 hivi. Yai moja lina gramu 6 tu. Vikombe vitatu vya uji mwepesi vitafika wapi?

Hatusemi kila nyumba ichinje kuku kila siku. Uji utiwe maziwa au karanga zilizosagwa, maharage yapondwe, dagaa watwangwe. Mzee apewe kidogo kidogo, mara tano au sita, akiwa ameinuliwa asije akapaliwa. Mwenye maradhi ya figo au kisukari, mganga aulizwe kwanza. Wala chakula peke yake hakitamponya asipogeuzwa ubavu mara kwa mara.

Pili, na hili ndilo kubwa: chakula cha mgonjwa si sadaka ya makombo, ni deni. Amri ya Nne haikuweka sharti kwamba mzazi aheshimiwe maadamu ana nguvu za kulima. Tarehe 20 Machi 2004, Mtakatifu Yohane Paulo II, akinena juu ya wagonjwa waliopotewa na fahamu kwa muda mrefu, alifundisha kwamba kuwapa chakula na maji, hata kwa mpira, si tendo la uganga bali ni njia ya asili ya kuhifadhi uhai, na kimsingi ni wajibu. Ikiwa hao wana haki hiyo, sembuse mama yetu atutazamaye na kutujua?

Wako wasemao, "Mzee mwenyewe akataa kula." Huenda saa yake imekaribia kweli, na mwili haupokei tena, hapo kumlazimisha si upendo, yatosha kumlowesha midomo na kukaa naye. Lakini mara nyingi akataa kwa sababu kinywa chamuuma, au uji umepoa, au amesikia watu wakinung'unika mlangoni kwamba anamaliza unga. Tusiite mapenzi ya Mungu kile kilicho uvivu wetu.

Tena mzigo huu asiachiwe mkwe mmoja au mjukuu mmoja, na wana walio mjini wasidhani wamemaliza wajibu kwa kuleta shuka wakati wa Noeli. Jioni ya leo, kabla ya kugawa, sahani ya kwanza ipakuliwe ya yule asiyeweza kuja mezani.