Mtihani Humpima Nani?

Katika lugha yetu neno mtihani lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni ule aujuao kila mwanafunzi: karatasi, namba ya mtahiniwa, saa ukutani, na msimamizi apitaye taratibu baina ya madawati. Uso wa pili ni ule tuutajao tufikwapo na msiba, ukame au dhiki. Mzee husema, "Huu ni mtihani," naye huwa na maana kwamba maisha yanamjaribu mtu ili ijulikane ana subira kiasi gani na utu kiasi gani. Mtihani wa kwanza huuliza mtu anajua nini. Wa pili huuliza mtu huyu ni nani.

Wazee wetu hawakuzitenga maana hizi mbili. Katika jando na unyago mwari hakuulizwa maneno tu. Ulitazamwa mwenendo wake, ustahimilivu wake na heshima yake kwa waliomzidi umri. Tena, akitoka huko akatenda la aibu, watu hawakumlaumu peke yake. Waliuliza: "Kungwi wake ni nani?"

Swali hilo la wazee ndilo nitakalo tulitafakari. Mtoto anaposhindwa, hesabu hutolewa na nani? Naye akishinda, sifa ni ya nani? Watu hudhani kwamba hili ni jambo la wizara na mabaraza ya mitihani. Kwa hakika, kabla ya kuwa jambo la siasa ya elimu, hili ni jambo la maadili, maana linahusu haki ya watu wazima kumfanya mtoto awe kipimo cha kazi yao wenyewe.

Taifa letu halikuanza jana kulifikiri. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alilaumu desturi, tuliyoirithi kwa wakoloni, ya kumpima kijana kwa uwezo wake wa kukariri mambo na kuyatoa upesi siku atakiwapo, pasipo kupima akili ya kufikiri, tabia, wala moyo wa kuwatumikia wenziwe. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka mtihani wa maandishi usiwe tena mungu mdogo wa shule zetu. Kazi za kila siku darasani na tabia ya mwanafunzi zilipasa nazo zihesabiwe, na vijana waliomaliza sekondari walitakiwa wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu.

Azimio hilo lilikuwa na busara kubwa, nalo lilikuwa na hatari yake. Alama ya tabia hutolewa na binadamu, na binadamu aweza kumpa mtoto wa rafiki yake asichostahili, au kumnyima kijana mdadisi kwa kuwa tu huuliza maswali mengi. Karatasi ya mtihani haina mjomba. Msahihishaji aliyeketi mbali huiona namba, haoni jina, kabila, dini wala viatu vya mtahiniwa. Kwa njia hiyo mtoto wa mvuvi wa Kilwa na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam huhukumiwa kwa kalamu moja. Anayetaka kuutupa mtihani na autafakari kwanza uadilifu huu, maana wako wengi katika nchi hii waliotolewa vijijini na karatasi ile, na pasipo hiyo wasingetazamwa na mtu.

Basi mtihani wenyewe si adui. Shida huanza pale tunapochukua kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto tukampimia mwalimu, shule, wilaya na mkoa, kisha tukafunga tuzo na adhabu katika kipimo hicho.

Uingereza ilijaribu jambo hili zamani. Mwaka 1862 serikali yake iliweka kanuni kwamba sehemu kubwa ya ruzuku ya shule za msingi itategemea mahudhurio na jinsi kila mtoto atakavyojibu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akishindwa somo moja, fungu la shule hupunguzwa. Nia ilikuwa njema: fedha ya umma isiliwe bure. Matokeo yake ni kwamba yale yasiyolipiwa yalififia, na watoto wakafundishwa kukikariri kitabu cha kusomea hata wakaweza kukisoma bila kukielewa. Miongoni mwa wakaguzi wa serikali hiyo alikuwako mshairi, Matthew Arnold, aliyeifanya kazi ya ukaguzi tangu 1851 hata 1886. Mtumishi huyu aliikosoa waziwazi kanuni ya serikali yake mwenyewe, akieleza kwamba inaigeuza kazi ya mwalimu kuwa kazi ya mtambo. Alifariki mwaka 1888, na kanuni hiyo iliachwa katika miaka ya 1890. Hakuuona mwisho wake.

Tanzania nayo imeionja dawa hiyo. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na nchi nzima ilishtuka: watahiniwa wapatao sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Iliundwa tume, na mwezi Mei matokeo yalipangwa upya. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa hadharani, ya kwanza mpaka ya mwisho, na kupakwa rangi: kijani kwa waliofanya vema, njano kwa wa kati, nyekundu kwa waliobaki nyuma. Ilitumainiwa kwamba aibu itaamsha juhudi.

Wachumi waliochunguza mpango huo katika shule za msingi walikuta mambo mawili, nayo yafaa yatajwe pamoja. La kwanza, shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama zao. Kwa hiyo si kweli kwamba kuwajibishwa hakuleti lolote. La pili, katika shule hizohizo hesabu ya watoto waliofika kuufanya mtihani ilipungua. Wastani wa shule hauna habari za yule asiyekuja. Mtoto mzito wa kuelewa, ambaye shule ilipaswa kumshika mkono kuliko wote, akawa ndiye mzigo unaofaa kutuliwa njiani.

Hapa ndipo maadili yanapoguswa. Mwalimu wa kijijini si mtu mbaya. Lakini mwambie kwamba cheo chake, heshima yake na amani yake na afisa elimu vimo katika wastani wa darasa, naye ataanza kuwatazama watoto wake kwa jicho jipya: huyu ananipandisha, huyu ananishusha. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgema akitishwa hufanya vivyo hivyo, tena usiku. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na ya shule kadhaa kwingineko, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakapangiwa mtihani mwingine. Udanganyifu wa namna ile hauwezi kubuniwa na watoto wa miaka 13. Walioazima mikono yao ni watoto. Waliotaka kushinda ni watu wazima.

Januari 2023 Baraza lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha desturi ya kuzitaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Wako waliofurahi, wakisema kwamba orodha ile ilikuwa tangazo la bure kwa shule zenye kuchagua wanafunzi wake tangu mlangoni. Wako walionung'unika, wakiuliza mzazi atajuaje shule ipi yafanya kazi na ipi imelala. Kila upande una haki yake. Mwanakijiji aliyebeba mawe na mchanga kujenga darasa ana haki ya kuambiwa ndani yake mnafanyika nini. Kuficha matokeo kwa kuwa yanaumiza si malezi. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kuacha kutangaza mashindano ni jambo jema, lakini si jibu kamili.

Lugha yetu yaweza kutusaidia tena. Kiswahili hutofautisha kuwajibika na kuwajibishwa. Awajibikaye hubeba wajibu moyoni mwake, hata pasipokuwa na mtu wa kumtazama. Awajibishwaye hubebeshwa na mwingine, na mwingine akigeuza kisogo mzigo huwekwa chini. Dola haiwezi kutia moyo wa kuwajibika ndani ya mtu kwa waraka. Lakini yaweza kuulisha au kuuua. Huulisha inapomwamini mwalimu na kumpa vya kufanyia kazi; huuua inapomdai mavuno ya shamba ambalo haikumpa jembe lake.

Kwa maoni yangu, haki katika jambo hili ina masharti matatu. Kwanza, hesabu na itolewe ngazi zote. Karatasi ya mtihani hutoka mahali pamoja na maswali yake ni yaleyale kwa nchi nzima, lakini njia za kuifikia si zilezile. Shule moja ina maabara na mwalimu kwa kila somo. Nyingine ina mwalimu mmoja wa hisabati, au hana hata huyo, na watoto watatu hushika kitabu kimoja. Alama ya shule ikitangazwa pasipo kutangazwa shule ilipewa nini, huo si ukweli ila nusu ya ukweli. Wizara, mkoa na halmashauri nazo zimekalia mtihani uleule, na sifuri ya mtoto ina saini zao.

Pili, shule ipimwe kwa umbali iliomsogeza mtoto, wala si kwa mahali alipofikia tu. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua kusoma akamfikisha katikati ya njia amefanya kazi kubwa kuliko aliyempokea bingwa akambakiza bingwa. Na aulizwe pia juu ya wale waliotoweka: walikuwa wangapi katika darasa la kwanza, na wamefika wangapi la saba? Kungwi wa kale hakuweza kujisifu kwa wari waliotoka vema huku akinyamaza juu ya yule aliyepotea porini.

Tatu, lirudishwe jicho la mkaguzi aketiye darasani, atazamaye madaftari, asikiaye jinsi mtoto anavyouliza swali. Kazi hiyo ni ya polepole, na ofisi hupenda namba kwa kuwa namba husafiri upesi. Huingia katika jedwali, hupanda ngazi, na kila ngazi huzidi kuwa safi na kuzidi kuwa mbali na mtoto. Sisi tufanyao kazi katika ofisi za serikali twajua jinsi tarakimu inavyoweza kumtuliza bosi bila kumsaidia mwananchi. Namba na iendelee kutumika, lakini itanguliwe na mtu aliyekwenda akaona.

Pishi ya sokoni hupima mtama. Haiongezi punje hata moja. Mwenye duka akitaka kuonekana ana pishi nyingi, njia rahisi kuliko kulima ni kukitia kitako cha pishi ubao wa pili. Ndivyo ilivyo kwa taifa liletalo tuzo kwa wingi wa ufaulu kuliko kwa ukweli wa kujua: litapata vyeti vingi, na siku ya njaa ya ujuzi litavifungua likute ubao.

Nanyi wanafunzi, alama zenu ni habari juu ya kazi mliyofanya na mafundisho mliyopewa. Si bei ya utu wenu. Aliyeshindwa ana wajibu wa kujiuliza alikosea wapi, na taifa lina wajibu wa kujiuliza pamoja naye. Nanyi walimu, siku orodha itakapobandikwa ukutani, kabla ya kutafuta mahali shule yenu ilipoangukia, litafuteni jina la yule mtoto wa nyuma kabisa. Kama halimo, ulizeni amekwenda wapi.